Gunia la Kumi
Hotuba kwa wachezaji wa karata za malori, Lubumbashi

Maneno haya niliyasema Jumamosi, ukumbini mwa parokia huku Katuba, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza kugonga mabati. Nimeyaandika upya kwa ajili ya wale waliosimama mlangoni wasisikie vizuri.

Jambo yenu wote. Wazazi, asanteni kwa kuja. Watoto, asanteni kwa kuwaleta, maana najua nyumba nyingine ni ninyi mliowavuta mkono.

Kabla hatujagawa karata nataka tusemezane juu ya matope. Kuna wazazi hapa wanaouliza watoto wao wanafundishwa nini kila Jumamosi na yule fundi wa magari, yaani mimi. Jibu langu linaanzia kwenye ile Barabara ya Taifa namba 5, inayotoka hapa kwenda Kasomeno, Kilwa na Pweto kando ya ziwa Mweru, kisha inaendelea kaskazini hadi Kalemie. Huko ndiko nilikokuwa boyi wa lori, msaidizi wa shofere, nikiwa kijana. Tulishuka na samaki wakavu, bitoyo yaani samaki wa chumvi, magunia ya muhogo, na makala, yaani makaa ya kupikia, njiani kama nafasi ilibaki. Kiangazi ni vumbi tu. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, ni habari nyingine kabisa.

Kuna sehemu moja nikifumba macho naiona. Udongo mfinyanzi mwekundu. Lori linaingia, na kabla halijaenda urefu wake lenyewe, meno yote ya tairi yamejaa udongo, tairi limekuwa laini kama chungu kilichotoka mkononi mwa mfinyanzi. Shofere anakanyaga mafuta. Gurudumu la kushoto linazunguka kwa kasi, linarusha matope hadi kwenye turubai. La kulia limetulia tuli, kana kwamba halihusiki. Nilidhani limeharibika. Shofere wangu, mzee mtulivu, akanieleza huku tumechuchumaa chini ya lori: diferensheli, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ikiwa ya kawaida hupeleka mzunguko pale penye upinzani mdogo. Gurudumu lililo kwenye utelezi ndilo linalopewa kazi yote, na lile lililoshika ardhi ngumu halipewi kitu. Ndiyo maana malori ya porini yana kifaa cha kuifunga diferensheli, magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, yapende yasipende.

Jambo la pili nililojifunza siku hiyo ndilo lililozaa mchezo huu. Sisi hatukuwa wa kwanza kukwama. Mbele yetu kulikuwa na lori jingine limezama hadi ekseli, na nyuma yetu yakaja mengine matano, saba, kumi. Kushoto mtaro, kulia mtaro. Hakuna anayepita. Mwenye samaki wabichi analia, mwenye makala anacheka, lakini wote wamesimama mstari mmoja. Nikaelewa kwamba barabarani kule mwenye lori zuri hafiki mapema kuliko mwenye lori bovu lililo mbele yake.

Sasa kanuni. Wanaozijua wanivumilie, leo tuna wageni.

Kila mchezaji ana karata moja ya lori, na bunda la karata 40 alilolipanga mwenyewe nyumbani. Karata ya aina moja haizidi tatu ndani ya bunda. Katikati ya meza tunalaza barabara: karata 12 za hatua, zimefunikwa, kutoka ziwani hadi mjini. Unaanza na karata tano mkononi. Kwenye zamu yako unaokota moja, unaweza kucheza hadi mbili, kisha unasogea hatua moja. Ukiwa wa kwanza kufika hatua hiyo, unaifunua, na hapo ndipo unapojua umeingia wapi: jiwe, mchanga, daraja la magogo, au matope yenye kina cha moja, mbili, hata sita.

Kila lori lina namba tatu. Tumbo, yaani lori limeinuka kiasi gani kutoka chini. Nguvu ya kuvuta. Na idadi ya magunia linayoweza kubeba. Kila magunia matano kamili yaliyo juu ya lori huongeza kina cha matope kwa moja, kwa sababu lori zito linazama zaidi. Kina kikizidi tumbo lako, umekwama, na tofauti ile ndiyo deni unalodaiwa na barabara. Unalilipa kwa karata za kujiokoa: beleshi ni moja, magogo chini ya gurudumu ni moja, kriki, yaani jeki, ni moja, lakini kriki na magogo vikichezwa pamoja ni tatu, kwa sababu ndivyo ilivyo kweli: kriki bila kitu cha kuweka chini inazama yenyewe. Tirfori, yaani winchi ya mkono ya kuvutia kwa waya, ni tatu peke yake, ila inataka hatua yenye mti wa kufungia waya. Kupunguza upepo kwenye tairi kunakuongezea tumbo moja, maana tairi laini linalala, linapanuka, uzito unasambaa. Lakini ukiingia kwenye hatua ya jiwe na tairi hizo laini bila karata ya pampu, umepasua.

Na kila lori linaloingia kwenye matope huacha mfereji. Tunaweka kijiwe juu ya hatua ile. Kijiwe kimoja, kina kimeongezeka moja kwa wote wanaofuata.

Aliyekwama hapitwi. Hiyo ndiyo kanuni kuu, msiisahau. Unaweza kumvuta ukiwa na karata ya kamba, iwapo nguvu ya lori lako inatosha kulipa deni lake. Ukiwa mbele yake, unamtoa kwenda mbele. Ukiwa nyuma yake, anatoka kwa kurudi hatua moja, na wewe unapita kwanza. Kwa vyovyote vile, gunia lake moja linahamia kwako. Ana haki ya kukataa.

Anayefika mjini wa kwanza anauza kila gunia kwa pointi 3, wa pili kwa 2, wanaobaki kwa 1. Mizunguko miwili baada ya wa kwanza kufika, soko linafungwa. Aliye njiani hapati kitu.

Mama mmoja aliniuliza wiki iliyopita: mbona hakuna karata ya kumharibia mwenzako? Ni swali zuri, kwa sababu michezo mingi ya barabara imejengwa juu ya hilo. Wengi wenu mmeona Mille Bornes, ule mchezo wa Kifaransa uliobuniwa na Edmond Dujardin mwaka 1954. Unatafuta kilomita 1000, na njiani mpinzani anakutilia tairi kupasuka, anakumalizia petroli, anakuwekea ajali. Ni mchezo mtamu, niliupenda nilipoucheza mara ya kwanza na naupenda hadi leo. Lakini kule mtu ana njia yake, na wewe una yako. Ukimpasulia tairi, wewe unaendelea. Hapa njia ni moja. Ukimzamisha aliye mbele, umejifungia mlango mwenyewe. Tulijaribu karata za kuharibu mwaka wa kwanza. Meza nzima ilikwama hatua ya nne, kila mmoja amemkwamisha mwenziwe, hakuna aliyefika Lubumbashi. Tukazitoa.

Sasa uchaguzi wa lori, ambapo vijana wengi hupotea.

Wote mnataka Unimog. Naelewa. Tumbo lake ni 5, hakuna jingine linalolifikia, na si namba niliyoitunga kwa kupenda. Unimog, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani Universal-Motor-Gerät, ina gia kwenye kila gurudumu, kwa hiyo ekseli inakaa juu ya kitovu cha gurudumu badala ya kupita katikati yake. Tumbo linanyanyuka bila kuhitaji tairi kubwa kupita kiasi. Lakini inabeba magunia matano tu. Ukifika wa kwanza na Unimog, una pointi 15. Fuso iliyofika ya pili na magunia tisa ina 18. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kugombania karata.

Tatra nayo ni nzuri sana. Haina fremu ya kawaida. Mgongo wake ni bomba moja nene, na ekseli zimekatwa nusu nusu, kila gurudumu linacheza peke yake. Hans Ledwinka aliuleta muundo huo mwaka 1923, na Mcheki Karel Loprais alishinda nao Rali ya Dakar upande wa malori mara sita. Tumbo 4, nguvu 5, magunia kumi. Kwa nini basi tusiichague wote? Kwa sababu ikipata karata ya kuvunjika, Tatra inasimama mizunguko miwili, na Fuso mmoja tu. Spea za Fuso utazikuta popote mtu alipotandika turubai na kupanga vyuma.

Mimi nachezea Fuso. Tumbo 3, nguvu 3, magunia kumi. Ni lori la kawaida, na ndiyo maana linakufundisha kucheza.

Tuje kwenye bunda, na hapa naomba watoto wa sekondari wafungue daftari. Kati ya karata 40, za kujiokoa ziwe ngapi? Wengi wanaweka nane, wanajaza zilizobaki mafuta, njia ya mkato na kasi. Nimewaonyesha ubaoni hesabu ya mchanganyiko, ile ile mnayofundishwa darasani na kuuliza itawasaidia wapi. Ukiwa na nane, uwezekano wa kuanza na mkono mtupu, yaani karata tano bila hata moja ya kukuokoa, ni asilimia 31 hivi. Karibu mara moja katika kila michezo mitatu. Ukiwa na 12, unashuka hadi 15. Ukiwa na 14, asilimia 10. Ukiwa na 16, kama 6. Mimi nasimama kwenye 14. Kutoka 8 hadi 14 umeshusha hatari kwa asilimia 21 kwa karata sita. Mbili zaidi zinakushushia nne tu, na umeshaanza kukosa karata za kukupeleka mbele.

Na msimtegemee tirfori kama ndiye mwokozi pekee. Ziko tatu tu kwenye bunda. Uwezekano wa kuwa na hata moja katika mkono wa kwanza ni kama asilimia 34. Mara mbili katika tatu hutakuwa nayo. Anayeingia matope ya kina cha nne akisema moyoni "tirfori itakuja", huyo haendeshi lori, anapiga ramli.

Nataka kuwaeleza mchezo mmoja nilioushuhudia meza ya pili, kabla ya Krismasi iliyopita. Sitaji majina, wenyewe wapo humu.

Wachezaji watatu. Mbele kabisa, kijana mwenye lori la matairi kumi: tumbo 3, nguvu 5, magunia 15. Alikuwa na akili, alipakia 14. Nyuma yake binti wa miaka kumi na miwili na Fuso. Wa tatu alikuwa mbali. Hatua ya tisa ikafunuliwa: matope, kina 4. Kijana ana magunia 14, yaani uzito unaongeza mbili. Nne na mbili ni sita, toa tumbo tatu, deni tatu. Mkononi ana beleshi moja. Amekwama. Mzunguko ukapita, akaokota, hakupata kitu. Wa pili ukapita.

Yule binti alikuwa na kamba mkononi, na Fuso yake ina nguvu 3. Inatosha. Watoto waliomzunguka wakaanza kupiga kelele: "Umuache afie mule!" Kaka yake mwenyewe ndiye aliyepiga kelele zaidi. Yule binti akawaangalia, akasema polepole: "Nikimuacha, nitapita wapi miye?"

Akaweka kamba mezani. Kijana akafikiri, akakubali, kwa sababu kukaa pale kungemuua vilevile. Akavutwa nyuma hadi hatua ya nane, akatoa gunia moja. Na sasa ndipo nilipoona jambo lililonifanya nimwite mama yake baadaye nimpongeze. Fuso inabeba kumi, lakini yule mtoto tangu mwanzo alikuwa amepakia nane. Nane! Nilidhani hajui kuhesabu. Alijua kuliko mimi. Alijua kwamba njiani atamvuta mtu, na gunia litakuja. Nane na moja ni tisa. Tisa bado inaongeza kina moja tu. Angepakia tisa kama sisi wengine tufanyavyo, gunia la msaada lingekuwa la kumi, angezama kina cha moja zaidi mahali pale pale alipotaka kupita.

Akaingia matope. Kina 4, mfereji wa kijana 1, uzito 1. Sita, toa tatu, deni tatu. Akalaza kriki, juu yake magogo. Tatu. Akapita. Alifika mjini na magunia tisa, pointi 27. Kijana alibaki hatua ya nane, matope mbele yake sasa yakiwa na vijiwe viwili, akishusha magunia moja moja huku soko linafungwa.

Tangu siku hiyo napakia nane.

Wapo watakaosema kwamba aliyemvuta hakumsaidia, alijisaidia. Naam, na mimi sioni ubaya wake. Kule Kilwa hatukuwahi kumuuliza shofere anayetupa kamba kama anatupenda. Tulishika kamba. Ninachotaka mkione mezani ni kwamba mara nyingi njia yako fupi zaidi inapita kwenye tatizo la mwenzako, na asiyepanga nafasi ya tatizo hilo tangu nyumbani, hana nafasi ya kulibeba.

Niseme haraka juu ya kubadilishana karata, kwa sababu wazazi wanataka kulisikia.

Wazo la kila mchezaji kuja na bunda lake alilolijenga mwenyewe, akibadilishana na wengine, lilipata umbo mwaka 1993 kwa mchezo wa karata Magic: The Gathering wa Richard Garfield. Mwanzoni kanuni zake ziliruhusu kuweka karata rehani kabla ya mchezo, na mshindi anaichukua moja kwa moja. Baadaye waliliacha jambo hilo, lilikuwa karibu mno na kamari. Sisi hatutaligusa kabisa. Karata kwa karata, mkono kwa mkono, baada ya mchezo na si katikati yake. Hakuna faranga. Mkubwa akibadilishana na mtoto, awepo mkubwa mwingine anayeangalia. Na hatuuzi pakiti zilizofungwa ambazo mtoto hajui ndani kuna nini. Nimeona watoto wakimaliza pesa za bukari, yaani ugali, wakitafuta karata moja. Hapa ukikosa tirfori, unaketi na mkasi, unachora yako, tunaipiga muhuri.

Ila kata vizuri. Mwaka jana duka moja la kuchapisha lilitukatia karata mia tatu, na za tirfori zikatoka pungufu upana wa ukucha. Miezi miwili watu walikuwa wanazitambua kwa kidole wakati wa kuchanga. Wawili waliniambia wenyewe, na nawaheshimu kwa hilo. Tulizitupa zote. Sasa kila karata inapita kwenye kile kipimo cha ubao pale mezani, halafu inavishwa plastiki, maana mwezi wa kwanza karatasi zinavimba pembeni na kushikana.

Jambo la mwisho, nalo ni la kazi ya leo. Kuna karata ya koti. Mgeni mmoja alidhani ni mapambo. Waya wa tirfori ukikazwa sana na kukatika, unarudi kama mjeledi, unaweza kumkata mtu. Mzee wangu alikuwa analaza koti zito lililolowa katikati ya waya kabla ya kuvuta, ili ukikatika uzito wa koti uushushe chini. Niliona waya ukikatika mara moja tu. Koti liliruka kidogo, likaanguka, na waya ukalala kwenye matope miguuni pangu. Ndiyo maana anayecheza tirfori bila koti anarusha kete, na ikitoka moja, anapoteza zamu mbili.

Wengine mnasema adhabu hiyo ni kubwa mno, zamu moja ingetosha. Sijakataa. Tujaribu leo: meza ya kwanza na ya pili zicheze kwa zamu mbili, ya tatu na ya nne kwa moja, mniandikie kila mara koti lilipoachwa na kete ilitoka ngapi. Mama walioko nyuma, maji ya chai yamechemka. Changeni karata.